Mzee Kepher Amolo na Trei ya Yatima

Mzee Kepher Amolo, Mkuu wa Chumba cha Mashine katika ofisi kuu ya Kampuni hapa Kericho, anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Septemba 1978, baada ya kuitumikia Kampuni kwa miaka kumi na minane na miezi sita. Atakabidhi funguo saa nne asubuhi, atakunywa chai na kula keki ambayo tayari imeagizwa, kisha atafunga safari ya kwenda kwake Kendu Bay.

Mhariri wa jarida hili amenipa kurasa chache na kuniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu. Lakini mimi, Marcella Gesare, mtoboa kadi, nimefanya kazi na Mzee Amolo tangu 1965, na sijui namna ya kuieleza miaka hiyo kwa kucheka mwanzo hadi mwisho. Katika faili lake kuna barua ya onyo ya Julai 1969. Kwa sababu ya barua hiyo, jina lake halitaandikwa kwenye ule ubao wa ukumbini wa watu waliotumika bila doa. Barua inamtaja mtu mmoja. Ilipaswa kutaja wawili, na kabla sijamaliza nitamtaja wa pili, ili Mzee asiondoke hapa amebeba peke yake mzigo wa watu wawili.

Aliajiriwa Machi 1960 kama karani wa mizani, wale wanaosimama bandani wakiandika uzito wa majani huku wachumaji wakiwapigia kelele. Mwaka 1963 Kampuni ikaleta mashine za kadi. Zilishushwa kutoka kwenye lori zikiwa ndani ya masanduku ya mbao, na hakuna karani aliyetaka kuzikaribia. Wengine waliogopa umeme, wengine mngurumo. Amolo alisema kelele za wachumaji amezizoea, na hizi za chuma angalau hazitamtukana. Akapelekwa Nairobi wiki sita kujifunza, akarudi na koti la kijivu ambalo analivaa hadi leo, viwiko vimeshonwa mara nne. Mwaka 1966 akawa mkuu wa chumba.

Kwa wale wanaopita dirishani kila siku bila kujua kinachoendelea nyuma ya ukuta, nieleze kidogo. Meneja wa shamba, au hospitali, au ofisi ya nyumba, ana jambo linalohitaji orodha: nani ahamishwe, nani apewe nyumba, nani aitwe kwa daktari. Anajaza fomu na kumtuma mtu. Dirishani yuko Bwana Arasa, mpokeaji wetu, ambaye huipiga fomu muhuri wa IMEPOKELEWA, hukata kipande cha chini na kumpa aliyeileta. Aliyeileta hurudi kazini kwake. Hangoji. Fomu huingia nyuma, hupanga foleni kwenye trei pamoja na wenzake, na zamu yake ikifika sisi watoboaji tunaigeuza kuwa kadi, tobo kwa tobo, kila mtu kadi yake. Kadi hizo hutiwa kwenye mashine ya kulinganisha, ambayo humtafuta kila mtu katika kadi kuu za wafanyakazi wote. Zikipatana, mashine ya kuchapa hutoa orodha, na orodha hupelekwa kwa mwenye haja siku hiyo au kesho yake.

Huko kutongoja ndiko Mzee Amolo alikoamini kuliko kitu chochote. Alisema mtu mwenye kazi yake hana sababu ya kusimama akitazama kazi ya mwingine. Kuna meneja mmoja Mwingereza, sasa amerudi kwao, aliyeleta fomu yake mwenyewe na kuingia nayo hadi ndani, akasimama nyuma ya mashine mikono kiunoni ili iharakishwe. Mzee alimpa kipande kwa adabu zote, akamfungulia mlango. "Bwana, hapa mashine ina foleni kama posta. Wewe enda shamba, karatasi itakufuata." Meneja alikuwa mwekundu kama nyanya, lakini aliondoka, na karatasi ilimfuata.

Mambo mengine aliyavumbua mwenyewe, hakuyatoa Nairobi. Hapa kwetu hunyesha karibu kila alasiri, na kadi zikinyonya unyevu huvimba, mashine huzitafuna au huzikataa. Kwa hiyo akaamua kwamba kukataliwa mara moja si kukataliwa. Kadi iliyokataliwa ilianikwa juu ya wavu kando ya jiko la makaa. Sisi tulimtania kwamba Mjaluo hawezi kuona kitu bapa asikianike kama omena, wale dagaa wa ziwani. Ikikauka, ilirudishwa mashinani, hadi mara tatu. Nyingi zilipita mara ya pili.

Kulikuwa pia na kisa cha fundi Phelix, mwashi wa shamba la Kiptolwet. Msimamizi wake alipeleka fomu ya kumwombea nyumba, akaona kimya, akadhani imepotea, akapeleka nyingine. Zote mbili zilifanyiwa kazi. Phelix akapewa nyumba mbili. Hakusema neno. Alilala katika moja na kufuga kuku katika nyingine kwa miezi saba, mpaka mkaguzi alipobisha hodi akaitikiwa na jogoo. Kuanzia hapo Mzee akaagiza kila fomu iandikwe namba yake tangu inapotoka kwa mwenye haja, ili ikija mara ya pili tuitambue na kuiweka kando. Kazi moja isifanywe mara mbili hata ikiombwa mara kumi.

Na kazi kubwa aliikata vipande. Ile orodha ya mwaka ya wafanyakazi wote ilikuwa ikishika mashine siku tatu mfululizo, na nyuma yake imekwama fomu ya mistari miwili ya mgonjwa anayehitaji gari. Mzee akaamuru kwamba kila baada ya kadi elfu moja mashine isimame, wadogo wapite, kisha mkubwa aendelee. Wakubwa hawakupenda. Wagonjwa hawakujua, lakini walifika hospitali.

Trei moja tu hakuishughulikia, na mwenyewe ndiye wa kwanza kulisema hilo. Kadi iliyokataliwa mara tatu ilitupwa kwenye trei ya bati iliyo chini ya dirisha la nyuma. Tuliiita trei ya yatima, maana kadi zake hazikuwa na mwenyewe. Labda mtu ameacha kazi, labda namba imekosewa. Ilifunguliwa kila baada ya miezi sita, mambo mengine yakiwa yamekwisha, na mara nyingi zilizokuwa ndani hazikuwa na maana tena. Mashine yenyewe haikujali. Ikimaliza kadi zote ilizolishwa, zilizopita na zilizokataliwa, ilichapa mstari wa nyota chini ya karatasi. Nyota zile zilimaanisha kwamba mashine imemaliza. Mzee alitia sahihi chini yake na kuandika IMEKWISHA, na hospitali, au yeyote aliyeomba, akajua imekwisha. Yeye mwenyewe hulitamka "imekwisa", nasi tulimwiga chumba kizima. Sasa hatumwigi.

Februari 1969 lile lori la kupiga picha za kifua lilizunguka mashamba. Wafanyakazi walipanga foleni, wakavua mashati, wakapigwa picha. Bwana wa lori alitangaza kwa kipaza sauti kila kambi: atakayeonekana ana kifua kikuu ataitwa kwa barua, na asiyeitwa ajue yuko mzima. Maneno hayo yalirahisisha kazi ya watu wengi. Nimeyafikiria miaka tisa na bado naona hakuna aliyekusudia ubaya aliposema.

Fomu ya hospitali ilitufikia Jumamosi, Machi mosi. Majina sitini na mawili ya watu wa kuitwa, kutoka mashamba yote. Kazi yetu ilikuwa kuchapa, kwa kila shamba, orodha ya kwenda kwa dresa, yaani mhudumu wa zahanati yake, pamoja na barua ya kila mgonjwa. Ilipokelewa, ikapigwa muhuri, aliyeileta akapewa kipande. Mvua ilikuwa imempata njiani, na mstari wa arobaini na kitu ulikuwa umelowa. Wino ulitapakaa. Namba ya mfanyakazi haikusomeka, na za jina zilibaki herufi mbili tatu.

Kanuni ilikuwa wazi. Fomu yenye doa hurudishwa dirishani, iandikwe upya. Mtoboaji aliyekuwa nayo hakuirudisha. Jumamosi tulifunga saa sita, na saa saba alikuwa na basi la Kisii, dada yake alikuwa anaolewa Keroka. Akapiga simu hospitali, akauliza jina la mstari ule. Karani aliyepokea alikuwa Mkipsigis, mtu mpole, akalitamka vizuri, polepole, mara mbili. Mtoboaji akalitoboa kama alivyolisikia: JEBGOSGEI. Hakuuliza herufi. Hakuuliza namba. Aliweka kadi kwenye fungu, akaandika kifupisho cha jina lake kwenye karatasi ya kazi, akachukua mwavuli, akakimbilia basi.

Kifupisho hicho ni M.G. Ni mimi.

Kadi kuu ya mwanamke huyo ilikuwa chini ya herufi C. Chepkosgei, mchumaji, shamba la Kiptolwet, kambi ya juu. Sisi wote tunaoishi hapa tunajua namna wenyeji wanavyotamka. P na B kwao hazigombani, wala K na G, na Ch inakaribiana na J hadi mgeni asijue ametajiwa ipi. Mtu mwenye masikio angesema ni jina moja. Mashine haina masikio. Jumatatu iliitafuta chini ya J, haikuipata, ikaitema. Kadi ikaanikwa, ikarudishwa, ikatemwa. Mara ya tatu ikaingia trei ya yatima. Mashine ikachapa nyota zake. Mzee Amolo akatia sahihi. Imekwisha. Zilikuwa zimeingia sitini na mbili, zikatoka sitini na moja, na hakuna aliyehesabu.

Chepkosgei alikuwa anakohoa tangu Januari. Alikwenda kwa dresa wa Kiptolwet Machi, akaenda tena Aprili, akaenda Mei mara mbili. Dresa hakuwa mtu mbaya. Alifanya alichoagizwa: alifungua orodha iliyotoka kwetu, ikiwa na karatasi safi na nyota chini na sahihi, akatafuta jina. Halikuwapo. Akamwambia mgonjwa kwamba picha yake ilikuwa nzuri, hiyo ni baridi ya umande, akampa dawa ya kikohozi ya chupa. Kama orodha isingekuwapo kabisa, nafikiri angemsikiliza kifua. Tulimpa karatasi ya kumwambia asisikilize.

Alichuma majani hadi wiki ya mwisho ya Mei. Alizikwa Alhamisi, tarehe 19 Juni, nyumbani kwa wakwe zake. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Jumatatu, tarehe 30 Juni, trei ilifunguliwa. Mzee Amolo alikaa na kadi zile mia moja na kitu, moja moja. Alipofika kwenye hii hakuelewa, akaanza kujisomea kwa sauti, jinsi mtu anavyofanya anapokwama. Mama Bilhah, Mkipsigis aliyekuwa akitupikia chai ofisini, alikuwa anapita na birika. Akasimama.

"Huyo si Chepkoskei wa Kiptolwet? Wa kampi ya chuu?"

Ilimchukua Mama Bilhah pumzi moja kupata kile ambacho mashine ilishindwa mara tatu. Mzee alitafuta chini ya C, akaipata kadi kuu, akaona kadi yetu ilitoka kwa kazi gani. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Aliingiza kadi, akachapa barua moja peke yake, hakungoja dereva, akachukua baiskeli ya tarishi. Ni maili tisa hadi Kiptolwet, nusu yake kupanda mlima. Nilikuwa mezani kwangu. Nilikuwa nimeshaiona kadi mkononi mwake na nikaitambua, na sikuinuka.

Alifika alasiri, amelowa. Mume wa Chepkosgei, arap Mosonik, mpogoaji wa chai wa shamba hilohilo, alikuwa ameketi nje ya nyumba amenyolewa kichwa. Mzee alijua pale pale, lakini mtu akishapanda mlima na barua mkononi hana pa kuificha. Arap Mosonik aliipokea. Alijua kusoma. Aliisoma hadi chini, akaikunja.

"Mlisema asiyeitwa ni msima," alisema. "Sisi tulifurahi. Tulichincha kuku, kwa sapapu hatukuitwa."

Mzee alimwambia kwamba kosa ni la ofisi, na kwamba sahihi iliyosema kazi imekwisha ni yake, jina lake ni Kepher Amolo, anapatikana dirishani Kericho siku yoyote. Hayo ameniambia arap Mosonik. Mzee mwenyewe hakuwahi kuyasimulia.

Ungedhani mambo yaliishia hapo, maana hakuna aliyekuwa amelalamika. Kadi moja ingeweza kutumika kuwashia jiko. Mkubwa mmoja alimshauri Mzee aandike kwamba ilikuwa mvua, na mvua kweli ilikuwapo. Badala yake aliandika taarifa ya mistari sita na kuipeleka mwenyewe. Palikuwa na kikao. Nasi tuliitwa, watoboaji wanne, tukapangwa kwenye benchi nje ya mlango, na mlango haukufungwa vizuri. Nilisikia akiulizwa ni nani aliyeitoboa kadi ile. Karatasi ya kazi ilikuwa mbele yake, na M.G. yangu juu yake.

"Kadi haina makosa," alisema. "Ilitobolewa kile kilisikika. Sahihi ya mwiso ni yangu, hata kwa karatasi ya kazi. Andikeni hiyo."

Wakaandika hiyo. Sisi wanne hatukuitwa ndani. Tuliambiwa turudi kazini, nikarudi, nikaketi, nikatoboa. Niliogopa kufukuzwa, na sina neno zuri zaidi la kuweka hapo. Mzee alipewa barua ya onyo, akanyang'anywa chumba, akarudishwa kwenye mizani ya majani alikoanzia. Alikaa huko miaka miwili akitukanwa na wachumaji. Nilikuwa nikimwona akipita barabarani na koti lake la kijivu, ambalo hakulivua, naye alinisalimu kama kawaida, akiniita binti wa Kisii kwa Kijaluo chake: "Nyar Kisii, mashine haijambo?" Nilimjibu haijambo. Kisha nilikwenda chooni nikalia, mara nyingi zaidi ya nitakavyoandika hapa.

Walimrudisha 1971 kwa sababu mashine zilikuwa zimewashinda. Alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, hakuna kazi itakayotiwa sahihi mpaka waliotoka walingane na walioingia, na akipungua mmoja isemwe ni nani na yuko wapi, hata kama mashine imechapa nyota za mbingu nzima. La pili ndilo mnalolijua nyote, na wageni hulishangaa. Kila asubuhi saa mbili, kabla ya mashine kuwashwa, Mzee Amolo husimama dirishani na trei ya yatima na kusoma kila kadi kwa sauti, mbele ya yeyote aliye kwenye foleni: madereva, matarishi, wake wa askari, mwuza mayai kutoka Roret. Huisoma mara moja kwa sauti yake, kisha humwomba Mkipsigis aisome, kisha Mkisii, kisha Mluhya akiwapo. Mtu akisema "huyo namjua", kadi imepata mwenyewe. Asipopatikana wa kumjua, mtu hutumwa kwa miguu hadi shambani, siku hiyohiyo.

Kwa miaka saba haijalala kadi katika trei ile. Wakaguzi kutoka Nairobi wameliita jambo hili la kienyeji. Januari wataleta mtambo mpya, mkubwa kuliko mashine hizi zote, na nimesoma waraka wake kurasa kumi na moja. Kuhusu kadi zinazokataliwa umesema zitahifadhiwa. Namwomba meneja anayekuja asome neno hilo mara ya pili.

Wiki mbili zilizopita nilimwendea Mzee nikamwambia ninachotaka kuandika. Hakushangaa. Alifuta miwani.

"M.G. niliiona siku ileile, nyar Kisii," alisema. "Nilingoja tu. Lakini usimwambie gazeti kwanza. Mwenyewe asikie kwanza, kwa mdomo yako. Usimwache akasome kwa karatasi. Ya karatasi alisoma moja, inatosha."

Arap Mosonik aliacha kazi ya chai 1970 na sasa analima Ndanai. Nilikwenda siku ya soko, nikamkuta anapima mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Nilimwambia mimi ndiye niliyeandika jina la mkewe vibaya, kwa sababu nilikuwa na haraka ya basi, na Amolo alilijua hilo akaninyamazia, nami nikanyamaza miaka tisa. Aliweka gorogoro chini.

"Uliantika namna kani?"

Nikamwambia herufi.

"Hapana. Mimi nataka ile ulisikia. Sema kama ulisikia kwa simu."

Nikasema. Akaniambia nirudie, nikarudia. Watu wa soko walikuwa wanapita.

"Ni hifyo," alisema. "Mama yake alikuwa anamuita hifyo. Ile ya faili, Chepkosgei, ni karani alichaguwa, yeye alishangaa nayo hata siku ya kuantikwa kazi. Wewe ulikuwa sawa, mama. Ni faili ilikuwa makosa."

Nilikuwa nimeenda kupewa lawama, nikapewa hilo. Hakusema amenisamehe na sikumwuliza. Alirudi kwenye mahindi yake, akamhudumia mteja, na nilipogeuka niondoke akaniita.

"Huyo mzee yenu anastaafu? Mwampie hifi. Kampuni nzima ilijua, na ni yeye alikuja. Kwa paisikeli, na mvua. Mwampie arap Mosonik anasema alikuja."

Mzee Kepher Amolo, basi ndiyo hayo, nimeyaleta kwa mdomo wangu na sasa kwa karatasi, mbele ya wenzetu wote. Ubao wa ukumbini na ukae bila jina lako. Kwa niaba ya Bwana Arasa, Mama Bilhah, watoboaji wote na kila mtu aliyepata kuitwa kwa jina lake dirishani petu, tunakushukuru. Nenda nyumbani Kendu Bay, ulale hadi jua lichomoze, ule samaki wako, na Mungu akupe miaka mirefu ya kukaa bila kutia sahihi chini ya kitu chochote. Ulikuja.